Doa Moja na Madoa Matatu: Je, Maumbile Husema Uwongo?

Miongoni mwa maswali ambayo mwanadamu hujiuliza akiwa faraghani, na ambayo pengine huona haya kuyatamka mbele za watu kwa kuchelea kudhaniwa kuwa imani yake imeingiwa na kutu, limo hili: ikiwa uwongo ni dhambi, na ikiwa kila kiumbe asiye mwanadamu humtii Muumba wake bila ya kwenda upande, imekuwaje basi wakawapo viumbe ambao tangu kuzaliwa kwao wamevikwa libasi ya wenzao, wakaishi na kunusurika katika dunia hii kwa sababu tu mtazamaji amewadhania kuwa ni wengine? Je, maumbile husema uwongo? Na kama husema, ni nani aliyeyafunza?

Swali hili halikunijia msikitini wala katika baraza la wanazuoni. Lilinijia Magomeni, Mtwara, nikiwa nimeketi juu ya kigoda uani kwa dada yangu, katika juma la pili la likizo yangu, siku za mwisho wa mvua, wakati upepo wa kusi unapoanza kushika zamu na majani yangali mabichi kando ya njia za mchanga. Aliyenitia katika swali hilo ni mtoto wa darasa la tano, na hoja yake ilikuwa doa moja jeusi lisilozidi punje ya uwele.

Watu wengi huenda Mtwara kwa haja iliyo dhahiri: korosho, bandari, gesi, au safari ya kuvuka Ruvuma kwenda Msumbiji. Mimi nilikwenda kupumzika, na kwa kuwa mtu aliyezoea kazi hawezi kupumzika bila ya kujipa kazi nyingine, nilichukua daftari na kalamu ya risasi kwa azma ya kuwatambua vipepeo. Nilikuwa nimesoma kwamba katika nchi zilizoizunguka Bahari ya Mediterania, Ugiriki na Italia na Uhispania pamoja na visiwa vyake, wako wageni wa likizo ambao hawatosheki na kuota jua ufukweni, ila huamka mapema, wakapanda vilima wakiwa na kitabu cha picha mkononi, wakamtambua kila kipepeo kwa jina lake, wakaandika siku na mahali walipomwona, kisha wakarudi makwao wakiwa hawakuchukua kitu ila maandishi hayo. Nikaona kuwa hiyo ni ibada ndogo ya macho, nami nikatamani kuijaribu katika pwani yetu, kati ya ghuba ya Mikindani na mdomo wa Ruvuma, ambako mto unaotoka bara hukutana na bahari katikati ya mikoko.

Kipepeo wa kwanza niliyemwandika ni yule ambaye mtu hawezi kuishi siku tatu Magomeni asimwone, ijapokuwa anaweza kuishi miaka thelathini asimtazame. Rangi yake ni ya chungwa lililoiva sana, karibu na mdalasini. Ncha za mabawa yake ya mbele ni nyeusi, na katika weusi huo umepita utepe mweupe uliokatika katika. Na urukaji wake ni wa taratibu, wa mtu aendaye matembezi jioni asiyemhofu yeyote. Carl Linnaeus wa Uswidi alimwandika mwaka 1758 kwa jina la chrysippus, na wataalamu wa leo humwita Danaus chrysippus. Nilifurahi mno kujua kwamba huyu wetu wa uani ndiye yuyo huyo aonwaye na wale wageni wa Mediterania, kwa kuwa makao yake yameenea Afrika na Asia hata kufika baadhi ya fukwe za bahari ile. Na kwamba katika kaburi la Mmisri mmoja aitwaye Nebamun, aliyeishi takriban miaka 1,350 kabla ya Nabii Isa, alichorwa ukutani katika picha ya mawindo, akiruka juu ya mafunjo pamoja na ndege, kwa uangalifu ambao hata leo, picha ikiwa imehifadhiwa London, mtu humtambua bila ya taabu.

Basi asubuhi hiyo ninayoisimulia walikuwapo wawili. Mmoja alikuwa juu ya maua ya mwituni yaliyoutambalia ua wa makuti, wa pili ametandaza mabawa yake juu ya mchanga wenye joto, hatua chache kutoka mguuni pangu. Nilimwita mpwa wangu, nikamwambia kwa sauti ya mwalimu, "Wale wote wawili ni wa jina moja," nikaandika katika daftari: wawili. Mtoto aliinama, mikono magotini, akamtazama yule wa mchangani. Akaenda penye ua wa makuti akamtazama yule wa mauani. Akarudi tena, akachuchumaa pale pale. Nami nilikuwa nimekwisha kufunga daftari.

"Mjomba," akasema, "hawa si wamoja."

"Kwa nini?"

"Yule ana madoa matatu kwenye ubawa wa nyuma. Huyu ana doa moja."

Nikainuka. Nikamtazama yule wa mauani, nikayaona madoa matatu meusi katikati ya ubawa wa nyuma, yamejipanga kama vifungo. Nikamtazama wa mchangani, nikaona doa moja tu, karibu na ukingo wa juu. Rangi ni ile ile, utepe ni ule ule, ncha nyeusi ni zile zile; ila katika uwanja ule wa mdalasini palikosekana madoa mawili, na katika kukosekana kwake palikuwa na kaumu nyingine kabisa. Wakati huo dada yangu, aliyekuwa akihangaika na jiko la mkaa, akamwita mwanawe: "Niletee kipepeo, moto unakufa!" Mtoto akakimbia ndani, akarudi na kipepeo cha ukindu, mama akapepea mkaa hata ukawaka, na hapana hata mmoja wetu aliyedhani kuwa angeleta mdudu.

Yule wa doa moja huitwa Hypolimnas misippus, na jina hilo la misippus alipewa na Linnaeus mwaka 1764. Ni jike, mume wake hafanani naye hata kidogo, kwani yeye ni mweusi, na katika kila ubawa wake pana baka jeupe la mviringo lenye mng'aro wa zambarau pembeni mwake. Jike peke yake ndiye aliyevaa sura ya chrysippus, na amevaa kwa ukamilifu, kiasi kwamba hata pale ambapo chrysippus wa Afrika ya Mashariki hutokea bila ya ncha nyeusi na utepe mweupe, misippus naye ana majike wa sura hiyo hiyo. Sababu yake inajulikana. Kiwavi wa chrysippus hula magugu yenye utomvu mweupe kama maziwa, na baadhi ya magugu hayo yana sumu isumbuayo moyo. Kiwavi huiweka sumu hiyo mwilini mwake, akawa kipepeo nayo. Ndege amlaye hutapika, na baada ya hapo hawezi kuiona tena rangi ile ya mdalasini pasipo kukumbuka. Ndiyo maana chrysippus huruka taratibu: ametangazwa, na tangazo lake limo mgongoni. Misippus hana sumu hiyo. Anaishi kwa heshima ya sumu ya mwenzake.

Hapa ndipo liliponisimamia swali. Na kabla ya kulijibu sina budi kuyataja majibu mawili ya haraka ambayo nimeyasikia kwa watu, kila moja likiwa na hatari yake.

La kwanza ni la mtu aliyechoshwa na dunia. Yeye husema kwamba dunia yote ni hadaa, kwamba kila kizuri kimefunika kibaya, kwamba jicho ni mwongo mkuu wa mwili, na kwa hiyo mwenye hekima ni yule anayefumba macho. La pili ni la mtu mwenye tamaa. Yeye husema: ikiwa hata mdudu ameruhusiwa kudanganya ili apone, mimi mwenye watoto wa kulisha nitalaumiwaje nikitia mchanga katika gunia la korosho ili lizidi uzito mizanini? Watu hawa wawili hawaketi katika baraza moja, yamkini hata hawasalimiani. Lakini wote wamejenga juu ya msingi mmoja, yaani wameafikiana kwamba kipepeo yule amesema uwongo. Tuutazame basi msingi huo.

Uwongo una nguzo tatu, na moja ikikosekana nyumba haisimami. Ya kwanza ni kuujua ukweli. Maana mtu asemaye jambo lisilo sahihi hali analiamini amekosea, hakudanganya. Ya pili ni hiari, yaani uwezo wa kusema vingine. Ya tatu ni nia ya kumpoteza mwenzako njia. Sasa misippus hajui kuwa anafanana na mtu. Hakupata kuuona mgongo wake. Alitoka katika kifuko chake akiwa na mabawa yenye unyevu, akayakausha juani, akaruka. Na kama kiwavi mwenzake wa kando alitoka akiwa dume mweusi, wala huyo hakuchagua. Wahenga walisema kuwa nguo ya kuazima haisitiri matako, na wamesema kweli kwa habari ya wanadamu; lakini nguo ya misippus humsitiri barabara kwa sababu hakuiazima kwa mtu. Ni yake, kama vile jina la kipepeo ni la mdudu kwa haki na ni la kile cha ukindu kwa haki, kwa kuwa vyote viwili hupepea, na dada yangu hakumdanganya mwanawe kwa kuliita jina hilo.

Basi kufanana huko kulitoka wapi? Henry Walter Bates, Mwingereza aliyekaa miaka 11 katika misitu ya mto Amazon, alitoa rai yake mwaka 1862, nayo imesimama hata leo. Alisema kwamba miongoni mwa vipepeo wasio na sumu, wale waliotokea kufanana hata kidogo na wenye sumu waliachwa na ndege, wakazaa; wale wasiofanana wakaliwa; na katika vizazi vya waliofanana kidogo wakatokea waliofanana zaidi, hao nao wakaachwa, na mambo yakaenda hivyo vizazi visivyohesabika. Wako wacha Mungu wanaoiogopa habari hii wakidhani kuwa inamwondolea Muumba kazi yake. Mimi siogopi, kwani fundi atengenezaye chombo ambacho nacho hutengeneza chombo kingine hakupungukiwa na ufundi. Lakini nataka msomaji alizingatie jambo moja lililomo ndani ya rai hiyo. Ikiwa kila hatua ya kufanana ilipatikana pale ambapo jicho fulani lilitazama kwa haraka likapita, basi libasi ile ya misippus imeshonwa kwa makosa ya watazamaji. Kila uzi wake ni ndege mmoja ambaye hakuhesabu madoa. Kosa lilitangulia katika jicho, kisha likachorwa juu ya ubawa. Na sisi leo tukiutazama ubawa ule tukasema, "Tazama uwongo wa maumbile," tunasoma historia ya haraka ya macho na kuiita dhambi ya kipepeo. Nami asubuhi ile, nilipofunga daftari langu baada ya kuandika wawili, nilikuwa nimeongeza uzi wangu.

Hili linamjibu mtu wa kwanza, aliyechoshwa na dunia. Madoa yalikuwa yanaonekana. Hayakufichwa chini ya jani wala hayakuhitaji darubini. Mtoto aliyaona kwa macho matupu baada ya kwenda na kurudi. Dunia haikumfungia mlango, ilimtaka subira. Mwenye kufumba macho kwa sababu jicho limekosea ni kama mtu aliyejikwaa njiani akaapa kutotembea.

Ama mtu wa pili, mwenye gunia la korosho, jawabu lake limo katika hesabu za vipepeo wenyewe. Libasi ya misippus humlinda maadamu wenye sumu ya kweli ni wengi, kwa sababu ndege ajifunzaye lazima akutane na uchungu kabla ya kuogopa rangi. Wakizidi wale wasio na sumu, ndege wachanga watakula mara kwa mara pasipo kudhurika, rangi ya mdalasini itapoteza maana, na hapo wataliwa wote, wa doa moja na wa madoa matatu pamoja. Kwa hiyo hata pale ambapo hapana nia wala dhambi, sura isiyo na sumu huishi kwa mtaji wa sura yenye sumu, na mtaji huo ukitumiwa kupita kiasi, hufilisika mwenye duka na mwizi wake. Mtu anayetia mchanga katika gunia anategemea kwamba magunia mengine hayana mchanga. Anaishi kwa uaminifu wa jirani zake, na kila siku anaupunguza. Yeye ana ujuzi, ana hiari, ana nia: nguzo zote tatu zimesimama juu ya ardhi yake. Akimtaja kipepeo kuwa shahidi wake, amemtaja shahidi asiyemjua.

Lakini nisingetaka nionekane kama mtu aliyelimaliza jambo, kwa maana lina chumba kingine ndani yake. Lincoln Brower wa Marekani, katika miaka ya 1960, aliwapa ndege wa nchi yake vipepeo wa kaumu ya jirani na chrysippus, akaona kuwa ndege waliokula kipepeo aliyelelewa kwa magugu makali walitapika na kumkataa kabisa kila aliyefanana naye. Lakini akaona pia kwamba kipepeo wa kaumu hiyo hiyo, wa rangi hiyo hiyo na madoa hayo hayo, akilelewa kwa majani yasiyo na sumu, huliwa salama. Mwaka 1975 yeye na wenzake walichapisha habari za chrysippus mwenyewe kutoka Ghana, wakaonyesha kuwa nao walikuwa hawana sumu hiyo. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kuyahesabu madoa matatu kwa usahihi, akalitaja jina bila ya kukosea, na bado asijue kama ndani ya mwili ule mna uchungu au hamna. Kadhi mwema huhukumu kwa yale yaliyodhihiri mbele yake, na yaliyomo moyoni humwachia Mwenyezi Mungu. Nami naona kuwa mwenye kuwatambua vipepeo amekalia kiti hicho hicho kwa udogo wake. Jina sahihi ni haki ya dhahiri. Batini ina mwenyewe.

Na wenye kutoa majina wamewahi kukosea hata katika dhahiri, tena kwa muda mrefu. Yuko kipepeo mkubwa wa misitu ya Afrika, Papilio dardanus, ambaye dume wake ni wa rangi ya malai na pindo jeusi, mwenye mikia miwili kama kilemba kilichoachwa kining'inie. Majike wake barani aghalabu hawana mkia, na hawana sura moja: huyu ni mweusi mwenye madoa meupe, yule ni wa chungwa, kila mmoja akifuata sura ya kipepeo mchungu wa kwao, ilhali Bukini, yaani Madagaska, ng'ambo ya bahari kutoka pwani yetu ya kusini, jike hufanana na dume wake, mikia na yote. Wataalamu wa Ulaya, waliokuwa wakipokea mizoga ndani ya masanduku, waliwaandika majike hao kwa majina mbalimbali kama kaumu mbalimbali. Mwaka 1869 Roland Trimen, aliyekuwa akiishi Rasi ya Tumaini Jema na kuwaona vipepeo hao wakiwa hai, alisema kuwa wote ni wake wa mume mmoja, na wako waliomkebehi. Baadaye mayai yalilelewa, kutoka kwa mama mmoja wakatoka watoto wa sura mbalimbali, ushahidi ukatimia. Ukweli haukupatikana kwa kutazama rangi kwa ukali zaidi. Ulipatikana kwa kungoja mayai yaanguliwe.

Kungoja huko kulizaa jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Katika mji wa Liverpool, miaka ya 1950, tabibu Cyril Clarke pamoja na mwenzake Philip Sheppard walimfuga dardanus huyo ili wajue jinsi sura zake zinavyorithiwa, na urithi huo ukawakumbusha urithi wa makundi ya damu ya wanadamu. Taamuli hiyo ikamsogeza Clarke na wenzake kwenye tiba ya sindano ambayo tangu miaka ya 1960 huwakinga watoto wasidhurike tumboni kwa kuwa damu yao haipatani na ya mama zao. Sisemi kuwa vipepeo huchunguzwa ili tupate dawa. Walimchunguza kwa kumpenda, na dawa ikaja kama hidaya. Nasema tu kwamba mtu aliyejizoeza kutofautisha kwa uadilifu viumbe wasio na faida kwake, hujikuta ana jicho lililo tayari siku maisha ya mtu yanapotegemea tofauti ndogo.

Watu wa pwani ya Mtwara ni mabingwa wa majina pale penye haja. Mvuvi wa Msimbati akitoka majini hatakwambia kuwa amepata samaki. Atakwambia changu, au tasi, au chewa, au kolekole, na akikosea atasahihishwa na mtoto. Tumbo ni mwalimu hodari wa lugha. Lakini mbele ya mamia ya vipepeo ulimi wetu una neno moja, kwa kuwa hatuwali, hatuwauzi, na hawatudhuru. Sioni aibu katika jambo hilo. Ila naona nafasi. Imesimuliwa kwamba baba yetu Adamu alitukuzwa mbele ya malaika kwa kufunzwa majina, na sikumbuki kusikia kwamba alifunzwa majina ya vile vinavyolika peke yake. Kumtafutia jina sahihi kiumbe usiyemhitaji ni kukiri kuwa yupo kwa ajili ya jambo lisilokuwa wewe. Na kwa kuwa jina hutolewa mbele ya wengine, nao hulichukua wakaenda nalo, kutoa jina ni kutoa ushahidi. Na masharti ya shahidi tunayajua tangu chuoni: awe ameona, awe muadilifu, na asiseme zaidi ya alivyoona.

Kuna mahali katika ile ile Bahari ya Mediterania, katika kisiwa cha Rhodes, paitwapo Bonde la Vipepeo, ambako kila kiangazi hukusanyika maelfu kwa maelfu ya wadudu wenye mabawa ya mbele meusi yenye mistari ya malai na ya nyuma mekundu, wakatulia katika vivuli vya miti juu ya kijito. Hao si vipepeo, ni nondo. Jina la bonde limetolewa na jicho la haraka. Na kwa miaka mingi wageni waliofika huko walipiga makofi na mbinja ili nondo waruke na wekundu wao uonekane, wasijue kuwa mdudu yule katika miezi hiyo hali, anaishi kwa akiba aliyoiweka mwilini, na kila arukapo kwa hofu hutumia akiba aliyoihitaji kwa ajili ya kuzaa. Idadi yao ikapungua, hata wenyeji wakalazimika kukataza kelele. Naona hadithi ya bonde hilo ni moja mwanzo hadi mwisho: waliomtaja kwa jina lisilo lake ndio waliomtaka acheze mbele yao, kwa maana asiyejali kitu ni nini hajali pia kinahitaji nini. Tena hapana hata mmoja wao aliyekusudia ubaya, na nondo walikufa vile vile.

Jioni ya siku ile ya Magomeni nilimwita mpwa wangu, nikalifungua daftari mbele yake, nikalifuta neno wawili nikaandika mmoja, na chini yake mstari wa pili kwa ajili ya yule wa mchangani, na doa lake moja nikalichora pembeni. Nikamwambia kuwa asubuhi nilisema nisiyoyaona. Akanijibu, "Si neno, Mjomba," akaomba kalamu, akalitia doa lile weusi zaidi, kwa kuwa aliona nimelichora jepesi.

Siku moja kabla ya kuondoka kwangu tulikwenda pamoja Msimbati, penye hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na maingilio ya Ruvuma. Maji yalikuwa yakipwa, kaa wametoka matopeni kati ya mizizi ya mikoko, na kusi ikivuma kwa nguvu. Tulikuwa tumesimama ukingoni alipopita kipepeo wa rangi ya mdalasini, amechukuliwa na upepo, juu kidogo ya vichwa vyetu. Akavuka mikoko akaelekea upande wa mto, akapotea.

"Yupi yule, Mjomba?"

"Umeyaona madoa yake?"

Akatikisa kichwa. "Upepo ulikuwa mkali."

"Basi andika hivyo."

Akaketi juu ya gogo, akaliweka daftari gotini, akaandika kwa mwandiko wake wa shule, pole pole, akizuia karatasi zisipeperuke kwa kiganja: Msimbati, saa kumi jioni, mmoja, ubawa wa nyuma haukuonekana. Kisha akanirudishia daftari, akasimama tena ukingoni, akiangalia upande ule alikoelekea.